Maabara ya Virusi Katikati ya Malisho: Umma Uliulizwa Mapema, Ukajibiwa kwa Kuchelewa

Tarehe 31 Julai 2007, Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba inaandaa ripoti ya athari kwa mazingira kwa ajili ya maabara kubwa mpya ya magonjwa ya mifugo, na ikawaalika wananchi watoe maoni. Siku tatu baadaye, tarehe 3 Agosti, ng'ombe wa shamba moja katika kaunti ya Surrey, kusini mwa Uingereza, walithibitishwa kuwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Virusi havikutoka mbali. Vilitoka Pirbright, kilomita chache tu kutoka shambani, kwenye eneo la maabara zilizowekwa pale kuwakinga ng'ombe wa nchi hiyo na ugonjwa huohuo.

Hakuna aliyepanga habari hizo mbili zikutane. Lakini zilikutana, na kwa miaka mitano iliyofuata hakuna mkutano, barua wala kikao cha Bunge kuhusu mradi huo wa Marekani kilichoweza kuikwepa Pirbright. Ndiyo maana nauchukua mradi huu kama kipimo cha swali pana zaidi: serikali inapotaka kujenga kituo cha utafiti chenye hatari, na sheria inaitaka iwaulize watu kwanza, kuuliza huko kunabadilisha nini hasa?

Maabara yenyewe inajulikana kwa kifupi kama NBAF, kituo cha taifa cha kulinda mifugo na kilimo. Ilikusudiwa kuchukua nafasi ya kituo cha Plum Island, kisiwa kidogo karibu na ncha ya Long Island, New York, ambako tangu 1954 watafiti wa serikali walikuwa wakichunguza magonjwa ya mifugo ambayo nchi haikutaka yaonekane bara hata siku moja. Majengo yalikuwa yamezeeka, na hayakuwa na uwezo wa kuhifadhi virusi vya daraja la juu kabisa la hatari, kama vile Nipah na Hendra, vinavyoua wanyama na watu pia. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 hofu ya magonjwa kutumiwa kama silaha ilipanda, na mwaka 2003 kisiwa kikahamishwa kutoka Wizara ya Kilimo kwenda Wizara mpya ya Usalama wa Ndani. Mwaka 2006 wizara hiyo ilifungua mlango kwa majimbo na vyuo kuomba mradi mpya, na maombi 29 yakaingia. Kufikia Julai 2007 yalibaki maeneo matano ya bara: Athens katika Georgia, Manhattan katika Kansas (siyo ile ya New York), Flora katika Mississippi, Butner katika North Carolina na San Antonio katika Texas. La sita lilikuwa Plum Island yenyewe.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa kelele zote hizi ni za nini. Wafugaji wetu wanaujua ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe hutokwa malengelenge kinywani na kwenye kwato, akadondosha mate, akachechemea, maziwa yakapungua. Ndama wengi hufa, lakini ng'ombe mkubwa kwa kawaida hupona. Huko Marekani ugonjwa huu haujaonekana tangu 1929, na hali hiyo ndiyo inayowafungulia wafugaji wao masoko ya nje. Kisa kimoja kikithibitishwa, nchi zinazonunua nyama hufunga milango siku hiyohiyo. Mwaka 2001 Uingereza ilichinja zaidi ya wanyama milioni 6 ili kuuzima mlipuko mmoja. Kirusi chenyewe husafiri kwa upepo, kwa magurudumu, kwa viatu na kwa nyama mbichi. Kwa sababu hiyo sheria ya Marekani ilikuwa imekataza kwa miongo mingi virusi hai vya ugonjwa huo kufikishwa bara bila idhini ya Waziri wa Kilimo. Maji ya bahari yaliyokizunguka kisiwa yalikuwa ukuta wa mwisho iwapo kuta nyingine zote zingeshindwa. Na mwaka 1978 zilishindwa: virusi viliwafikia wanyama waliokuwa wamefungiwa nje ya majengo ya maabara. Wanyama wakauawa, na ugonjwa haukuvuka kwenda bara.

Kuhamishia kazi hiyo Kansas, jimbo lenye ng'ombe zaidi ya milioni 6, kulimaanisha kuuacha ukuta huo wa maji na kutegemea zege, vichujio vya hewa na nidhamu ya watu.

Sheria iliyoilazimisha wizara kulieleza jambo hili hadharani inaitwa NEPA. Rais Nixon aliitia saini tarehe 1 Januari 1970, na sheria nyingi za tathmini ya athari kwa mazingira duniani, zikiwemo ya Kenya ya 1999 na ya Tanzania ya 2004, zimechota kutoka kwayo. Utaratibu wake ni wa ngazi. Kwanza idara hutangaza nia na kuwauliza watu wanataka nini kichunguzwe. Kisha hutoa rasimu, na watu hupewa muda wa kuisoma na kuijibu. Kwa mradi huu zilikuwa siku 60, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Agosti 2008. Halafu hutoka ripoti kamili ambamo hoja zilizotolewa hujibiwa kwa maandishi. Uamuzi hufuata mwishoni. Nguvu ya utaratibu huu iko kwenye yale majibu ya maandishi: mtu wa kawaida akiuliza swali zuri, wataalamu wa serikali hawawezi kulipuuza bila alama kubaki kwenye kumbukumbu.

Na maswali mazuri yaliulizwa. Butner ni mji mdogo, lakini una gereza kubwa la serikali kuu, hospitali ya jimbo ya magonjwa ya akili na kituo cha kulelea watu wenye ulemavu wa akili. Wakazi waliuliza: ikitokea dharura, watu hawa watahamishwaje? Mfungwa hawezi kuambiwa achukue gari lake aondoke. Mgonjwa aliyelazwa kwa amri ya mahakama hawezi kupelekwa hoteli. Hilo ni swali ambalo mhandisi wa vichujio vya hewa halimjii, kwa sababu kwenye michoro yake mji ni idadi ya watu ndani ya duara. Wakauliza pia kuhusu maji, kwa kuwa mito ya eneo hilo hushuka hadi ziwa la Falls, linalonywesha jiji la Raleigh. Upinzani ulikua hadi baadhi ya viongozi walioukaribisha mradi mwanzoni wakarudi nyuma. Athens nao waliuliza maji yatatoka wapi, maana Georgia ilikuwa katikati ya ukame mkali, na eneo lililopendekezwa lilikuwa karibu na bustani ya mimea ya jimbo.

Swali jingine lilirudi kila mahali, nalo halikuwa la kifahari: mizoga itakwenda wapi? Maabara inayowaambukiza ng'ombe kwa makusudi lazima iwateketeze. Ripoti ilieleza njia zilizofikiriwa, ikiwemo tanuru la kuchoma na mtungi wa kuchemshia mizoga katika magadi makali kwa joto na shinikizo hadi nyama iyeyuke na kubaki mifupa laini na uji wa kahawia. Uji huo huingia kwenye mfumo wa majitaka. Hapo tunarudi Pirbright, na inafaa tutue, kwa sababu kilichotokea kule kinaonyesha hatari ya maabara hukaa wapi.

Wachunguzi wa Uingereza hawakukuta bomba la kioo lililopasuka mikononi mwa mtafiti. Walikuta mfereji. Eneo la Pirbright lilitumiwa na taasisi ya utafiti ya serikali na kampuni ya kutengeneza chanjo. Majitaka ya kampuni yalitiwa asidi ya limau kwanza ili kupunguza virusi, kisha yakapita katika mabomba ya chini ya ardhi hadi kwenye tangi la mwisho la taasisi, ambako soda kali ilikuwa imalizie kazi. Kati ya hatua hizo mbili virusi vingine vilikuwa bado hai, na mabomba yaliyovibeba yalikuwa ya zamani: maungio yaliyoachana, nyufa, mizizi ya miti iliyopenya ndani, vifuniko vya mashimo visivyoziba. Mwezi Julai mvua kubwa ilinyesha na ardhi ikalowa. Wakati huohuo kulikuwa na ujenzi, na malori ya makandarasi yakakanyaga tope hilo na kutoka nalo hadi barabara inayopita karibu na shamba la kwanza kuugua. Ilijulikana kwamba mabomba yanahitaji matengenezo, lakini hapakuwa na makubaliano kuhusu nani alipie. Na wizara iliyotoa vibali vya usalama ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikifadhili taasisi.

Siichukulii habari hii kama ushahidi kwamba maabara za namna hii zisijengwe. Magonjwa yenyewe yapo, na mtu lazima ayachunguze. Inachoonyesha ni kwamba usalama wa mradi hauishii kwenye chumba chenye milango miwili ya chuma. Unafika kwenye bajeti ya matengenezo ya mwaka wa 20, kwenye mkataba kati ya taasisi mbili, kwenye njia ya malori. Mambo hayo hayakai kwenye michoro ya wasanifu. Hukaa kwenye vichwa vya watu wanaoishi jirani, wanaoujua mtaro unaofurika na barabara inayogeuka tope kila masika.

Kuna sehemu moja ya ripoti ya NBAF inayotugusa sisi moja kwa moja. Miongoni mwa magonjwa yaliyopangwa kuchunguzwa ulikuwa Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mwaka 1931 baada ya kondoo kutupa mimba na wana-kondoo kufa kwa wingi kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Mwingine ulikuwa homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, nayo ikitokea Kenya. Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, miezi michache tu kabla ya tangazo lile la Julai, Homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 150 nchini Kenya na zaidi ya 140 Tanzania, baada ya mvua kubwa kuyaangua mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala kwenye udongo wa mabonde. Watu wa Garissa na Dodoma hawakuhitaji kuelezwa mbu anafanya nini katika ugonjwa huu. Waandishi wa ripoti ya Marekani walilazimika kulifikiria hilo kwa kila eneo: ikiwa virusi vitatoka, je, mbu wa pale wanaweza kuvipokea na kuvifanya viwe vya kudumu? Majimbo ya kusini yenye joto na unyevu yalikuwa na jibu la kutisha zaidi. Kwa ujumla ripoti iliipa Plum Island daraja la hatari ndogo, na maeneo yote matano ya bara ikayapa hatari ya wastani, kwa sababu mifugo, wanyamapori na wadudu wanaoeneza magonjwa walikuwa karibu.

Maneno hayo yaliandikwa na wizara yenyewe. Kisha ikachagua Kansas.

Sababu zilizotajwa hazikuwa za kipuuzi. Manhattan ni mji wa Kansas State University, wenye kitivo cha udaktari wa mifugo na maabara ya usalama wa kibaiolojia palepale jirani. Kansas na ukanda unaoizunguka zina viwanda vingi vya dawa na chakula cha mifugo, na jimbo lilikuwa tayari kuchangia fedha. Viongozi wake wa vyama vyote viwili waliutaka mradi, na wakazi wengi waliuona kama ajira na heshima. Mtafiti bora hakubali kwa urahisi kwenda kuishi kwa ratiba ya mashua. Haya ni mambo ya kweli, na mwenye kuyapima ana haki ya kuyapa uzito. Lakini yapimwe dhidi ya nini? Swali hilo lilihitaji kujibiwa kabla ya Januari 2009, wizara ilipotia saini uamuzi wake, na hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya zoezi zima.

Turudi nyuma miezi kadhaa. Mei 2008, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, iliwaambia wabunge kwamba wizara haina ushahidi wa kutosha kudai utafiti wa ugonjwa wa miguu na midomo unaweza kufanywa bara kwa usalama uleule wa kisiwani. Wizara iliegemea uchunguzi wa 2002 uliouliza kama kazi hiyo inawezekana kiufundi. Inawezekana, bila shaka. Ila haikuwa imeulizwa kama ni salama sawasawa. Juni 2008, Bunge likapitisha sheria ya kilimo iliyokuwa na kifungu kinachomtaka Waziri wa Kilimo atoe kibali cha virusi hivyo kwa kituo kitakachorithi Plum Island. Mwezi huohuo rasimu ya ripoti ya mazingira ikatolewa kwa umma. Yaani wananchi walipoketi kuisoma rasimu, mlango wa kisheria kuelekea bara ulikuwa tayari umefunguliwa na watu wengine.

Na kuna tukio moja la mwezi huo ambalo hakuna mwandishi wa rasimu aliyelipanga. Tarehe 11 Juni 2008, usiku, kimbunga cha tornado kiliupiga mji wa Manhattan na kuharibu majengo ya chuo kikuu, katika mji huohuo uliokuwa ukiwania mradi. Wakazi waliopinga hawakuhitaji tena takwimu. Waliuliza jengo hili litastahimili upepo wa kiasi gani. Swali lao lilikuwa na maisha marefu kuliko walivyotarajia, maana usanifu uliimarishwa baadaye ili sehemu zenye virusi zihimili tornado. Watu wanaodai kwamba maoni ya umma hayabadilishi kitu waikumbuke zege hiyo.

Bunge, baada ya kufungua mlango kwa mkono mmoja, lilishika mfuko kwa mkono mwingine. Lilizuia fedha za ujenzi hadi hatari ipimwe kwa eneo lenyewe lililochaguliwa, na likataka Baraza la Taifa la Utafiti liikague kazi hiyo. Tathmini ya kina ya Manhattan ikakamilika mwaka 2010, takriban miaka miwili baada ya Manhattan kuchaguliwa. Novemba mwaka huo wanasayansi wa Baraza walitoa maoni yao. Kwa kutumia hesabu za wizara yenyewe, walionyesha kwamba katika miaka 50 ya uhai wa maabara kulikuwa na uwezekano wa karibu asilimia 70 wa virusi kutoka na kuambukiza wanyama nje, na hasara ya kati ya dola bilioni 9 na bilioni 50. Walibainisha pia kwamba karibu moja ya kumi ya ng'ombe wote wa Marekani walikuwa ndani ya maili 200 kutoka pale, na kwamba jirani kulikuwa na hospitali ya mifugo ya chuo na uwanja wa mpira unaojaza makumi ya maelfu ya watu.

Wizara ilisema usanifu haukuwa umekamilika, ikarudi na tathmini mpya mwaka 2012. Safari hii uwezekano ulikuwa asilimia 0.11. Kutoka 70 hadi 0.11 ni kushuka kwa takriban mara 600 ndani ya miaka miwili. Kamati ya pili ya Baraza ilikiri kwamba usanifu umeboreshwa sana, lakini haikuikubali hesabu: ilisema namba hizo zimejengwa juu ya dhana zenye matumaini kupita kiasi na njia zisizofaa.

Simlaumu mtu yeyote kwa kushindwa kupata namba kamili. Kukadiria tukio ambalo huenda lisitokee kabisa, katika jengo ambalo bado halijajengwa, ni kazi ngumu kwa yeyote. Ninachokipinga ni mpangilio. Mtu wa Butner, wa Athens na wa Flora aliombwa maoni yake mwaka 2008 kwa rasimu iliyolinganisha maeneo sita kwa madaraja mapana: ndogo, wastani. Kipimo cha kina kilikuja baadaye kwa eneo moja tu, wakati hakukuwa tena na cha kulinganisha nacho. Kama asilimia 70 ingekuwa mezani Julai 2008, kando ya namba kama hiyo ya Plum Island, mikutano ile ingekuwa mingine kabisa. Huenda Kansas ingechaguliwa vilevile. Lakini ingechaguliwa mbele ya watu waliojua wanachokubali.

Boston ilipata somo hilo kwa njia ya mahakama. Mwaka 2003 Boston University ilipewa fedha za serikali kuu kujenga maabara ya virusi vya daraja la juu kwenye mpaka wa South End na Roxbury, mtaa wa watu wengi, wengi wao weusi na Walatino wa kipato cha chini. Ripoti iliyokubaliwa na jimbo ilieleza tukio baya kabisa linaloweza kutokea kwa kutumia mfano wa kimeta, ugonjwa ambao hauruki kirahisi kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Wakazi waliuliza kwa nini, katika maabara ya Ebola na jamii yake, mfano wa hatari uwe ugonjwa usioambukizana. Mwaka 2006 jaji alikubaliana nao kwamba ripoti ilikuwa na kasoro, kwa kuwa haikupima vijidudu vinavyoambukizana wala kufikiria vya kutosha eneo lingine, na Desemba 2007 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikamuunga mkono. Mwezi mmoja kabla, Baraza la Taifa la Utafiti lilikuwa limeikosoa vikali hata tathmini ya nyongeza iliyoandaliwa na serikali kuu. Jengo lilikwisha, likasimama, na kazi ya virusi vya daraja la nne haikuanza hadi 2018. Swali la mtaa wa Roxbury halikuhitaji shahada. Lilihitaji mtu anayeishi hapo, anayepanda basi moja na wafanyakazi wa maabara kila asubuhi.

Sheria ya NEPA, hata ikifuatwa vizuri, haimpi mwananchi kura. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaweka wazi mwaka 1989 kwamba sheria hiyo inailazimisha idara kujua inachofanya, haiilazimishi kuchagua lililo bora kwa mazingira. Kwa hiyo nguvu ya mkazi wa kawaida ni ya kumbukumbu: maneno yake yakishaandikwa, mkaguzi wa Bunge, jaji au mwanasayansi anaweza kuyaokota baadaye. Katika kisa cha Kansas ndivyo ilivyokwenda. Maswali yaliyosikika kwenye kumbi za miji midogo, ya tornado, ya mizoga, ya mifereji, ya ng'ombe wa jirani, yalifika Washington yakiwa kwenye ripoti za watu ambao hawakuweza kupuuzwa.

Sasa nguvu hiyo inapunguzwa. Mwaka 2023 Bunge liliweka kikomo cha kurasa 150 kwa ripoti ya kawaida, 300 kwa miradi migumu sana, na miaka miwili ya kuikamilisha. Februari 2025 baraza la mazingira la Ikulu lilitangaza kufuta kanuni zake za utekelezaji zilizoongoza idara zote kwa miongo, na Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika kesi ya reli ya kusafirisha mafuta huko Utah, iliwaelekeza majaji waziachie idara uhuru mkubwa wa kuamua kipi kichunguzwe. Sababu inayotolewa ni ucheleweshaji. Basi tuitazame NBAF. Kutoka tangazo la nia hadi uamuzi ilipita miezi isiyofika 18, ndani kabisa ya kikomo kipya. Bado jengo lilizinduliwa Mei 2023, na gharama iliyokadiriwa mwanzoni kuwa dola milioni 451 ikafika dola bilioni 1.25. Miaka hiyo haikuliwa na mikutano ya wananchi. Sehemu kubwa yake ilikwenda kutafuta, baada ya uamuzi, majibu na fedha ambazo zingepaswa kutafutwa kabla yake. Kufupisha ripoti hakutibu ugonjwa huo, na kunaweza kuuzidisha.

Kwetu Afrika Mashariki suala la mpangilio limeshaamuliwa angalau mara moja kwa uwazi. Juni 2019, Mahakama Maalum ya Mazingira ya Kenya ilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu. Hoja mojawapo kubwa ilikuwa kwamba mikutano na wananchi ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika, na utafiti ulipokamilika watu wa Lamu hawakurudiwa ipasavyo wakaoneshwa matokeo yake. Waliulizwa kabla hakujawa na cha kuulizwa. Nikiusoma uamuzi huo kando ya faili la Kansas naona kosa la aina moja: watu na taarifa havikukutanishwa kwa wakati mmoja.

Na kuna jambo ambalo sheria zetu zinalo na NEPA haina kwa nguvu ileile. Kenya na Tanzania zinataka mradi ukaguliwe kimazingira hata baada ya kuanza kazi, na kanuni za Tanzania za 2005 zinaweka tathmini na ukaguzi katika jina lao lenyewe. Bomba la Pirbright lingekamatwa na ukaguzi wa namna hiyo, lisingekamatwa na ripoti iliyoandikwa siku ya kuweka jiwe la msingi. Kwa sasa taarifa za ukaguzi huishia kwenye makabati ya mamlaka, na ni nadra mwananchi kujua kwamba anaweza kuziomba. Nchi zetu zinazidi kuhitaji maabara zake za magonjwa ya mifugo na ya binadamu, na inafaa zijengwe. Kila inayojengwa, tarehe ya ukaguzi wake ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji au ya kata pamoja na matokeo yake, kwa Kiswahili, na mkutano wa hadhara uitishwe siku hiyo, kila mwaka, kwa muda wote virusi vitakapokuwa ndani.